Begi linapanda, gunia halipandi: Treni ya umeme, Kariakoo na duka la redio la Kilosa

Julai 25, 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na Kilosa ikawa miongoni mwa vituo vyake. Kwa mkazi wa Kilosa anayetaka simu mpya, redio au king'amuzi, tukio hilo lilikuwa na maana moja tu: Kariakoo imesogea karibu. Safari ambayo kwa basi ilikula sehemu kubwa ya siku, kabla hata mtu hajaanza kutafuta mahali pa kulala, sasa haifiki saa tatu.

Wengi wameisifu reli hiyo, na wana haki ya kuisifu. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni la mwenye fremu ya simu na redio pale mjini Kilosa. Kwa miaka mingi faida yake ilitokana na umbali. Alikwenda Dar es Salaam kwa niaba ya watu wasioweza kwenda, akarudi na mzigo, akaongeza nauli, jasho na cha juu kidogo. Leo mteja wake aliyeuza mpunga anaweza kupanda treni asubuhi, akanunua mwenyewe katika Mtaa wa Aggrey, na jioni akapita mbele ya duka hilo hilo na mfuko mkononi.

Mikumi, iliyo katika wilaya hiyo hiyo, haina kituo cha treni ya umeme. Yenyewe iko kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia, na mizigo yake hushushwa na mabasi na malori usiku na mchana. Zamani miji hii miwili iliunganishwa na tawi la reli ya kati lililotoka Kilosa, likapita Mikumi hadi Kidatu. Kwa upande wa biashara ya leo, hata hivyo, kila mmoja una njia yake ya kwenda Kariakoo, na kila mmoja una mteja wa aina yake.

Soko la nyanya lililozaa mtaa wa simu

Jina la Kariakoo latokana na askari wapagazi. Wajerumani walikuwa wamejenga banda la soko mahali pale, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipofika na Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo likageuzwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi, "Carrier Corps". Watu wa mjini wakalitamka kwa ulimi wao. Baadaye soko likarudi, na katika miaka ya 1970 likajengwa jengo la zege lenye paa la miavuli mikubwa inayokinga maji ya mvua, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli. Sheria ya kuunda Shirika la Masoko ya Kariakoo ilitungwa mwaka 1974, na jengo likafunguliwa mwaka 1975.

Jengo hilo lilikuwa la chakula. Vitunguu, nyanya, ndizi na viazi kutoka mikoani vilishushwa pale, na mkulima aliyeuza mzigo wake alitoka na fedha taslimu mfukoni. Hapo ndipo ufunguo wa mambo ulipo. Mtu mwenye fedha mfukoni, aliye mbali na nyumbani na mwenye saa chache kabla ya basi, ni mteja mzuri kuliko wote. Maduka ya nguo, vyombo, mbegu na dawa za mimea yalizunguka soko kwa sababu hiyo. Redio nazo zikafuata.

Kwa muda mrefu bidhaa hizo zilikuwa chache. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na wazee wa Kilosa hawahitaji kuelezwa betri ya National ni kitu gani. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, kupata redio kulihitaji subira au ndugu aliye nje. Mambo yalianza kulegea mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Televisheni ikaanza Bara mwaka 1994. Zikaja simu za mkononi, na mwaka 2008 ikaja M-Pesa, ambayo ilimfanya hata asiyependa kuzungumza na simu aone haja ya kuwa nayo.

Mgeni anayefika Aggrey mara ya kwanza hustaajabu kuona duka la chaja limepakana na duka la chaja, na mbele yake tena duka la chaja. Hujiuliza hawa wanauzianaje. Lakini muuzaji mmoja wa chaja aliye peke yake Mbagala hupata mteja wa Mbagala tu. Wakikusanyika 100 mahali pamoja, huwavuta wanunuzi wa Kilosa, Songea, Lubumbashi na Moroni, kwa kuwa kila mnunuzi anajua kwamba akikosa hapa atapata pale, na akipigwa bei hapa atauliza pale. Jirani anayeonekana kuwa mshindani ndiye anayemletea mwenzake wateja. Huo ndio utajiri wa Kariakoo, na hauwezi kuhamishwa kwa amri wala kwa kujenga fremu nzuri mahali pengine.

Mtaa wa Tokyo

Mtaa maarufu kuliko yote duniani kwa biashara ya namna hii uko Japani, katika jiji la Tokyo, nao unaitwa Akihabara. Historia yake inafanana na ya Kariakoo kiasi cha kushangaza.

Mwaka 1869 moto uliteketeza nyumba nyingi mahali pale, na sehemu ikaachwa wazi ili moto mwingine usivuke. Mwaka 1890 ikajengwa stesheni ya treni za mizigo. Mwaka 1928 likafunguliwa karibu nayo soko kubwa la jumla la mboga na matunda, lililojulikana kama soko la Kanda, nalo likakaa hapo hadi mwaka 1989 lilipohamishiwa eneo la Ota. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka 60 mtaa unaosifika leo kwa kompyuta na katuni ulikuwa unanuka kabichi.

Redio zilikuja baada ya vita. Japani ilishindwa mwaka 1945, Tokyo ikiwa majivu, na watu walitaka habari. Redio mpya ilikuwa ghali. Wachuuzi wakatandaza chini vipuri vilivyotoka jeshini, yakiwemo mataa ya redio, nyaya na vipaza sauti, na wanafunzi wa chuo cha umeme kilichokuwa jirani wakanunua vipuri hivyo, wakaunda redio wenyewe na kuziuza. Msomaji aliyewaona mafundi wa Kariakoo wakifufua simu tatu mbovu kupata moja nzima anaielewa biashara hiyo bila kufika Tokyo.

Mwaka 1949 utawala wa kijeshi wa Marekani uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe. Machinga wa Japani hawakutawanyika. Waliomba mahali pa kuhamia kwa pamoja, wakapewa nafasi chini ya madaraja ya reli, pale pale kando ya stesheni. Vibanda vyao vilikuwa vidogo kiasi kwamba muuzaji aliyeketi katikati aliweza kufikia kila droo bila kusimama, na baadhi ya vibanda vya namna hiyo vipo hadi leo. Ni jambo la kutafakari kwa halmashauri zetu, ambazo mara nyingi huwahamishia wamachinga mahali pasipo na mpita njia, kisha zikashangaa kuona meza tupu.

Mgeni anayeshuka Akihabara leo huona tabaka za historia hiyo zikiwa bado zimepangana. Chini ya reli kuna vijia vyembamba vyenye droo za vipuri vidogo mithili ya punje za ulezi. Barabarani kuna maduka ya kompyuta, na tangu mwaka 2005 liko duka kubwa sana la Yodobashi upande wa pili wa stesheni. Juu, ghorofa kwa ghorofa, kuna maduka ya katuni: vitabu vya picha viitwavyo manga, filamu za katuni, michezo ya video na vinyago vya wahusika wake, vingine vikiwa ndani ya makabati ya kioo kama vito. Kuna na migahawa ambayo wahudumu wake huvaa kama wajakazi wa Ulaya ya kale na kumkaribisha mteja kama bwana aliyerudi nyumbani kwake. Jumapili mchana barabara kuu hufungwa kwa magari na watu wakatembea katikati.

Pigo lililotoka pembezoni

Katuni hizo hazikuja Akihabara kwa bahati. Wakati uchumi wa Japani ulipokua kwa kasi, mtaa huo uliuza televisheni, majokofu na mashine za kufulia kwa familia za Tokyo nzima. Ulikuwa mahali pa baba kwenda na mama kwa ajili ya kitu kikubwa cha nyumba. Halafu watu wakanunua magari. Katika miaka ya 1990 yakatokea maduka makubwa kando ya barabara za nje ya miji, yenye maegesho mapana na bei ya chini, yaliyoanzishwa na kampuni zilizotoka mikoani kama Gunma na Tochigi. Jokofu likawa halina sababu ya kununuliwa Akihabara.

Wenye maduka walibaki na wateja ambao duka la pembezoni halikuwajua wala kuwajali: vijana wa kompyuta. Usiku wa kuamkia Novemba 23, 1995 watu walijaa Akihabara kusubiri toleo jipya la programu ya Windows 95 ianze kuuzwa saa sita usiku. Vijana hao hao ndio waliopenda katuni na michezo ya video. Maduka ya vinyago na vitabu yakafuata kuelekea mwisho wa muongo ule, yakapanga katika majengo yaliyokuwa ya redio. Mtaa ulinusurika kwa kufuata kile ambacho mteja wake alikipenda.

Si wote walionusurika. Moja ya nyumba kongwe za vibanda vya redio chini ya reli ilifungwa Novemba 2013, baada ya zaidi ya miaka 60.

Sasa irudishwe hadithi hiyo Kilosa, lakini kwa kuigeuza. Japani, barabara nzuri ziliwawezesha wa pembezoni kuuacha mtaa wa katikati. Kwetu, reli nzuri inamwezesha wa pembezoni kuufikia. Usafiri unaposhuka gharama, mmoja kati ya wawili hupoteza, na si lazima awe yule yule kila nchi. Kwa Tanzania, ambako bei ya chini iko Kariakoo, anayetishwa ni mwenye duka wa wilayani.

Begi na gunia

Kuna jambo la kiuchumi hapa ambalo mkulima wa Rudewa au Kimamba atalielewa haraka kuliko mtu wa ofisini. Begi moja la mkononi hubeba simu 30, na thamani yake huzidi ya magunia mengi ya mahindi. Treni ya abiria yenye kasi inampendelea mwenye kitu kidogo chenye thamani kubwa. Gunia halipandi. Kitunguu cha Malolo bado kinategemea lori, na bei yake bado inategemea matope na dalali. Kwa hiyo katika miaka hii ya mwanzo reli imepunguza gharama ya kuingiza bidhaa za Kariakoo Kilosa zaidi ya ilivyopunguza gharama ya kutoa mazao ya Kilosa. Fedha ya mavuno hutoka wilayani kwa urahisi kuliko mavuno yenyewe. Asiyeliona hilo ataishangilia reli kwa nusu yake tu.

Mwenye duka naye anaweza kulitumia begi hilo. Chukua mfano, na ni mfano wa hesabu tu. Safari moja ya Dar es Salaam, kwa nauli, chakula, malazi na mauzo yaliyopotea duka likiwa limefungwa, inakula Sh100,000. Akinunua redio 10, kila redio imebeba Sh10,000 kabla hajafikiria faida. Akinunua 50, kila moja imebeba Sh2,000. Mtaji wa redio 50 wengi hawana. Lakini wenye maduka watano wakimtuma mmoja kwa zamu, kila mmoja akiagiza redio 10, gharama inashuka vile vile. Mteja anayekwenda mwenyewe kununua redio moja ndiye anayelipa safari ghali kuliko wote, ila hapigi hesabu hiyo kwa sababu anadhani anakwenda pia kumsalimia shemeji.

Anachoweza kuuza aliye karibu

Kama Kilosa haiwezi kushindana na Aggrey kwa bei, inaweza kushindana kwa ukaribu, na ukaribu ni bidhaa.

Kwanza ni ufundi. Simu iliyonunuliwa Kariakoo ikizima wiki ya pili, mwenye simu hatapanda treni kwa ajili ya waya wa chaji. Fundi aliye stendi ya Mikumi au sokoni Kilosa, mwenye vioo, betri na spea za simu zinazotumika zaidi katika eneo lake, ana wateja ambao Kariakoo imemzalishia bila malipo. Kila simu inayoshuka na treni ni kazi yake ya kesho. Serikali nayo imeipa kazi hiyo kinga: amri ya Julai 2025 ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara inataja utengenezaji wa simu na vifaa vya kielektroniki, pamoja na ununuzi wa mazao shambani. Kinga hiyo haitamsaidia fundi anayebadilisha kioo kizuri kwa kibovu mteja akiwa amegeuka.

Pili ni uaminifu. Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kote, na wenye maduka madogo walioshika mzigo wa simu feki wakabaki na plastiki. Namba ya utambulisho wa simu huonekana kwa kubonyeza *#06#, na ikitumwa kwenda 15090 jibu hueleza aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Jibu likisema aina nyingine na simu iliyo mkononi, iachwe. Mwenye duka anayefanya hivyo mbele ya mteja anauza kitu ambacho kijana wa kuchomekea watu simu pale Kariakoo hawezi kukiuza. Aidha, risiti ya mashine ya EFD ni lazima iambatane na mzigo njiani, kwa kuwa sheria humwadhibu hata mnunuzi asiyedai risiti. Kodi na ukaguzi vilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowafanya wafanyabiashara wa Kariakoo wafunge maduka Mei 2023 na tena Juni 2024. Aliyetoka mkoani siku hizo alikuta milango imefungwa, na nauli yake haikurudi. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Anayetegemea mtaa mmoja kwa mzigo wote ana haja ya kuweka akiba ya bidhaa za wiki mbili tatu nyumbani.

Tatu ni burudani, na hapa Akihabara ina la kufundisha. Vijana wa Tokyo waliingia dukani kwa ajili ya katuni, wakatoka na kompyuta. Kwetu vibanda umiza vilifanya kazi hiyo muda mrefu. Filamu za Kichina, Kihindi na Marekani zilitafsiriwa kwa Kiswahili na wasimuliaji, Lufufu akiwa maarufu kupita wote, na mtazamaji aliyelipa shilingi chache akajua tofauti ya sabufa nzuri na mbovu kwa masikio yake mwenyewe. Santuri za filamu zimepoteza soko, lakini kijana bado huenda kwa fundi kuwekewa nyimbo na filamu kwenye kadi, na akiwa pale hununua spika za masikioni, kava na chaja. Kazi hiyo ina mtego wake: kunakili kazi ya msanii bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mwenye duka anayetaka kulala usingizi ni afadhali auze vifurushi, spika na ving'amuzi, na televisheni yake iliyo wazi barazani ionyeshe mpira. Watu watakuja.

La nne ni mkopo, nalo ni gumu. Mwenye duka wa wilayani anamjua mkulima, shamba lake na mwezi wa kuvuna. Aggrey haimjui. Taa ya sola au redio inayotolewa Machi na kulipwa baada ya mavuno ni biashara ambayo hakuna treni inayoweza kuichukua. Mvua ikikataa, au ikizidi, deni linakwama. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliondoa nyumba, mashamba na hata tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Kwa hiyo mkopo uwe kwa sehemu ya bidhaa tu, na malipo ya awali yafike angalau bei ya kununulia Kariakoo. Kinachobaki nje kiwe faida, si mtaji.

Mikumi hali ni tofauti kidogo. Mteja wake mmoja ni mkulima wa miwa wa Ruhembe na Kidodi, anayelipwa na kiwanda kwa msimu na kwa mkupuo, na siku za malipo ndizo za televisheni na paneli za sola. Mwingine ni dereva wa lori la Zambia au Kongo aliyesimama kula, mwenye chaja iliyokatika na dakika 20 tu. Huyo haulizi bei ya Aggrey. Anachouliza ni kama duka liko wazi saa tisa usiku, na kama waya una kichwa kinachoingia kwenye simu yake.